Kutembelea Makaburi ya Vita Taveta: Anza na Vilima, Kisha Uende Makaburini

Wageni wengi wanaofika kwenye makaburi ya vita ya Taveta hukaa robo saa. Wanapiga picha, wanasoma majina mawili matatu ya kigeni, wanatia sahihi kwenye kitabu cha wageni, kisha wanarudi garini kuendelea na safari ya Moshi au Ziwa Chala. Siwalaumu. Eneo lenyewe ni dogo, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa mstari, na hakuna kinachokueleza kwa nini kijana kutoka Johannesburg au Bulawayo amezikwa chini ya Kilimanjaro. Maelezo yako nje ya lango, kwenye vilima vitatu: Salaita, ulio kandokando ya barabara ya kutoka Voi, na Latema na Reata, vilivyo kusini-magharibi mwa mji. Waliolala pale makaburini wengi wao walikufa wakijaribu kupanda vilima hivyo, kati ya Februari na Machi 1916.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ya jeshi. Unaanzia Voi, unakwenda magharibi kupitia Maktau na Mbuyuni, unasimama Salaita, unafika Latema na Reata, na makaburi unayaacha mpaka mwisho. Kwa siku moja inawezekana, lakini utakuwa unakimbizana na jua. Siku mbili, ukalala Taveta, zinatosha bila haraka.

1. Jisomee kabla ya kuondoka nyumbani

Huhitaji kuwa mwanahistoria, ila bila mambo haya machache vilima vitakuwa vilima tu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walivuka mpaka na kuuteka mji wa Taveta katikati ya mwezi huohuo. Ukawa sehemu ya ardhi ya Waingereza iliyokaliwa na adui kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Sababu ya kuutaka ni rahisi kuiona ukitazama ramani: kati ya Kilimanjaro na milima ya Pare kuna mwanya, na Taveta iko mlangoni. Anayeushika mwanya huo anaweza kushuka kwenda kuihujumu reli ya Mombasa, au, akiwa upande wa pili, kupanda kwenda Moshi ilikoishia reli ya kutoka Tanga.

Kati ya Voi na Taveta kuna nyika kavu ambayo Waingereza waliiita Serengeti (usiichanganye na ile ya Tanzania). Maji hakuna. Ndiyo maana Waingereza hawakuweza kwenda kupigana moja kwa moja. Mwaka 1915 walianza kwanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na bomba la maji kutoka milima ya Bura. Vita vya hapa vilikuwa vita vya reli na maji kabla ya kuwa vita vya bunduki, na ukipita barabara ile saa saba mchana mwezi wa pili utaelewa bila kuambiwa.

Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza waliushambulia mlima Salaita wakashindwa. Wiki moja baadaye Jenerali Jan Smuts aliwasili Mombasa kuchukua uongozi. Machi alirudi na jeshi kubwa zaidi, akauzunguka Salaita badala ya kuukabili uso kwa uso, Wajerumani wakauacha, wakajipanga upya Latema na Reata. Huko ndiko palipopiganwa tarehe 11 Machi, mchana kutwa na usiku. Siku chache baadaye Moshi ikaangukia mikononi mwa Waingereza.

Ukitaka kumtafuta mtu fulani, ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayotunza makaburi haya. Unaandika jina la marehemu au la makaburi, unapata orodha, kikosi, tarehe ya kufa na namba ya kaburi. Iandike orodha yako kwenye karatasi. Simu huzimika, na mtandao njiani haupatikani kila mahali.

2. Chagua msimu, na jua utafikaje

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni mpaka Septemba. Masika huanza Machi kufika Mei, na udongo wa sehemu za chini za Taveta ukilowa hunasa kiatu, sembuse tairi. Smuts mwenyewe alisimamishwa na mvua hizohizo baada ya kuichukua Moshi na Kahe. Kama unataka kuona vilima katika hali waliyoviona askari, njoo Februari: majani makavu, vumbi, joto, na Kilimanjaro huonekana asubuhi na mapema kabla ya mawingu kufunga.

Kutoka Nairobi au Mombasa, panda treni ya SGR inayosimama vituo vya kati, ushuke Voi. Mabasi ya barabara kuu pia hukushusha Voi. Hapo kuna matatu za kwenda Taveta, mwendo wa kilomita 110 hivi za lami. Matatu zitakufikisha mjini salama, tatizo ni kwamba hazitakusubiri Maktau wala Salaita. Kama mko watatu au wanne, changeni mkodi gari la siku nzima kutoka Voi. Ukiwa peke yako, nenda na matatu mpaka Taveta, kisha urudi Salaita kwa bodaboda; ni kama kilomita 12.

Kutoka Tanzania ni rahisi zaidi. Kutoka Moshi kuna daladala za Holili, unapita kituo cha pamoja cha mpakani, na upande wa pili bodaboda za Taveta zinakungoja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Njia hii ina kasoro moja: utakuwa umeingia kwa upande wa Wajerumani, na itakubidi uisome safari kinyumenyume.

Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Taveta. Ndizi, nyanya, vitunguu, watu kutoka pande zote mbili za mpaka. Usafiri unakuwa mwingi siku hizo lakini unajaa, na bodaboda hawana muda wa kukusubiri mlimani. Mimi ningechagua Alhamisi au Ijumaa.

3. Voi na Maktau: usipite tu

Voi kuna makaburi ambayo watu huyapuuza kwa kuwa yako mjini na hayana mandhari. Simama. Humo amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia, aliyekuwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau kikosi chake kilizidiwa. Yeye alikuwa amejeruhiwa mguuni na wenzake walikuwa wanambeba kumwondoa. Akaona majeruhi wengine wanaachwa, akaamuru naye aachwe pamoja nao, akitumaini kuwa huenda angewaokoa. Aliuawa hapohapo. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza.

Ukitoka Voi unapita Mwatate, kisha Bura ambako milima ya Taita inaishia na maji ya bomba yalianzia. Baada ya hapo nchi inafunguka. Maktau ilikuwa kambi kubwa na kituo cha reli, na bado kuna makaburi ya vita hapo, yakiwemo ya Wahindi. Uliza wenyeji; usijitafutie mwenyewe vichakani.

Kuanzia Maktau barabara inakata Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tembo huvuka, na nyati pia. Usishuke garini ovyo kujisaidia au kupiga picha, hata kama unaona mbuyu mzuri uko hatua kumi tu. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu mibuyu ya eneo hili ina hadithi zake, ikiwemo ya mwanamke mdunguaji aliyejificha ndani ya mbuyu mmoja akiwapiga risasi askari wa Kiingereza kulipiza kisasi cha mumewe. Utaisikia kutoka kwa kila mwongoza wageni. Isikilize kama hadithi, inanoga, lakini usiichukue kama ushahidi.

Ukitaka mwongozaji anayeijua vita hii, hoteli za eneo la Taita Hills zimezoea kuwapeleka wageni kwenye viwanja hivi vya vita na hukubali pia wasiolala kwao wakipigiwa simu mapema. Bei yake ni ya kitalii, jipangeni.

4. Salaita: tazama chini kabla ya kutazama juu

Salaita ni kilima kifupi. Ukikiona mara ya kwanza utajiuliza, kweli hiki ndicho kiliwashinda? Umesimama upande wa mashariki, tambarare, vichaka vya miiba kila mahali, na mbele yako kilima ambacho mtu mwenye afya anakipanda bila kutoa jasho jingi. Hapo ndipo uliposimama uongozi wa Waingereza asubuhi ya tarehe 12 Februari. Waliamini kilima kina walinzi mia tatu hivi. Walikuwa zaidi ya elfu moja, chini ya Meja Georg Kraut, wengi wao askari Waafrika waliofunzwa vizuri na kuijua ardhi.

Kazi ya kushambulia ilipewa brigedi ya Waafrika Kusini, vijana waliokuwa wametua Mombasa muda mfupi kabla, wengi hawajawahi kusikia risasi ikilia. Mizinga ya Waingereza ilipiga kilele cha mlima kwa bidii, kwa sababu huko juu mahandaki yalionekana waziwazi. Lakini mahandaki yenye watu yalikuwa chini, kwenye mguu wa mlima, yamefichwa na vichaka. Waafrika Kusini walipokaribia wakidhani mizinga imemaliza kazi, bunduki zikafunguka mbele ya macho yao, bombomu zikiwemo, kama askari wa enzi zile walivyoziita bunduki za rashasha. Kisha askari wa Kraut wakatoka kuwafuata kwa singe. Brigedi ikavunjika ikakimbia. Jumla ya waliouawa, kujeruhiwa na kupotea siku ile ilikuwa 172, wengi wao Waafrika Kusini.

Waliowazuia Wajerumani ili wengine wapate kuondoka walikuwa Wabaluchi wa rejimenti ya 130, kutoka India ya wakati huo. Inasimuliwa kuwa Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau na kuwaita makuli, na kwamba baada ya vita Wabaluchi waliwarudishia bunduki ya rashasha waliyoiacha porini, pamoja na ujumbe wa kuwaomba wasiwaite tena jina hilo.

Sasa wewe ufanye nini? Usikimbilie kileleni. Zunguka kwanza chini ya mlima taratibu, ukitafuta mifereji iliyojaa nusu na mistari ya mawe isiyo ya kawaida. Mabaki ya mahandaki bado yanaonekana ukijua unachokitafuta. Chuchumaa ndani ya mmoja utazame mashariki. Utaona walichokiona askari wa Kraut: mtu mzima akitembea kwenye vichaka vile anaonekana kuanzia kifuani, wakati wewe huonekani kabisa. Hilo ukishaliona hutahitaji maelezo ya ziada kuhusu Salaita. Ndipo upande juu. Kutoka kileleni mashariki kote ni nyika, na magharibi ni kijani cha Taveta na vilima viwili, Latema na Reata.

Utaona maganda ya risasi, au watoto watakuletea. Usiokote, usinunue. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa mabaki ya kale bila kibali, na kila anayenunua ganda moja anamfundisha mtoto kuchimbua handaki lote. Kitu chochote cha chuma chenye umbo la chupa au yai kisiguswe kabisa. Weka alama, ondoka, mwambie chifu au polisi.

Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunga vidole. Miiba ya huku haina utani. Maji, lita tatu kwa kila mtu. Na kwa kuwa ardhi kuzunguka mlima ina malisho na wenyewe, msalimie yeyote unayemkuta, useme umetoka wapi na unatafuta nini. "Shikamoo mzee, tumekuja kuuona mlima wa vita" inatosha kufungua mazungumzo, na mara nyingi mzee mwenyewe atakuonyesha handaki ambalo ungelipita.

5. Latema na Reata: hapa usiende peke yako

Vilima hivi viwili vimesimama kama miimo ya mlango, na njia ya zamani ya kwenda Kahe ilipita katikati. Ni virefu na vyenye miteremko mikali kuliko Salaita, vichaka vimefungana, na viko karibu na mpaka. Kwa hiyo kabla ya kwenda, pita kituo cha polisi au kwa chifu uwaarifu, na uchukue kijana wa Taveta anayezifahamu njia. Patana naye malipo mapema, mbele ya mtu wa tatu. Si kwa sababu ya kutoaminiana. Ni kwa sababu bei inayotajwa mlimani na inayotajwa mjini haziwi sawa.

Simama katikati ya mwanya, uangalie kulia na kushoto. Mchana wa tarehe 11 Machi waliotumwa kupanda miteremko ile walikuwa Wabaluchi walewale wa Salaita na batalioni ya tatu ya King's African Rifles, yaani Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Walipigwa kutoka juu pande zote mbili. Kamanda wa Keya, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Alasiri waliongezwa watu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), nao wakasogea, wakarudishwa. Usiku Smuts akaamuru batalioni mbili za Waafrika Kusini, ya tano na ya saba, zipande kwa singe gizani.

Giza lile ndilo la kulifikiria ukiwa pale. Vikosi viligawanyika kwenye vichaka, makundi yakapoteana, wengi wakarudi chini wakiamini shambulio limeshindwa. Luteni Kanali Byron aliyefika mwanyani na wachache ilibidi aondoke. Usiku ukiwa umeenda sana, makao makuu yalishaanza kufikiria kuwaondoa wote. Lakini juu, bila wa chini kujua, Luteni Kanali Freeth na watu wachache kabisa walikuwa wameshika ukingo wa Latema, na kundi jingine lilikuwa Reata. Kulipokucha, Wajerumani hawapo. Nao walikuwa wanaondoka usiku uleule, kwa kuhofia wapanda farasi wa Smuts waliokuwa wanazunguka kaskazini kuelekea Moshi. Kila upande uliamini umeshindwa.

Kupanda Latema mpaka juu na kurudi, tenga nusu siku na uanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kama miguu hairuhusu, usijilazimishe. Kusimama mwanyani kwa nusu saa na kuutazama mteremko kunakupa theluthi mbili ya somo. Ukiwa na watoto chini ya miaka kumi, waache mjini na mtu; Salaita wataiweza, huku hapana.

6. Sasa nenda makaburini

Makaburi yako ndani ya mji wa Taveta. Ukisema "makaburi ya vita" au "makaburi ya Wazungu" bodaboda yeyote atakupeleka. Kuingia ni bure. Anayekudai kiingilio hatoki kwa Tume. Kama mtunzaji amekusaidia kutafuta kaburi au amekuonyesha kitu, kumshukuru kwa chochote ni ubinadamu, lakini asikuombe.

Nenda jioni, kuanzia saa kumi, jua likiwa limelala. Mwanga wa pembeni hufanya maandishi yaliyochongwa yasomeke. Saa sita mchana jiwe linang'aa tu na picha zako zitakuwa nyeupe.

Namna ya kulisoma jiwe. Juu kuna nembo ya kikosi. Chini yake namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe. Anza na tarehe, si jina. Ukikuta 12 Februari 1916, huyo ni wa Salaita. 11 au 12 Machi, ni wa Latema na Reata. Zinazofuata miezi ya baadaye mara nyingi ni malaria, kuhara damu, homa ya tumbo, kwa sababu magonjwa yaliua katika kampeni hii kuliko risasi. Kisha tazama kikosi: utaona Waafrika Kusini wengi na watu wa Rhodesia. Makaburi yanazidi mia moja, kwa hiyo saa moja inakutosha kupitia yote ukiwa na karatasi yako mkononi. Mimi hupenda kupanga majina kwa tarehe badala ya safu. Ghafla unaona mteremko uleule uliopanda asubuhi, na nani aliishia wapi.

Mawe yana vipimo sawa kwa kanali na kwa kuruta. Hiyo ilikuwa kanuni ya Tume tangu ilipoundwa mwaka 1917: cheo kisitofautishe wafu. Kanuni nyingine ilikuwa miili isisafirishwe kurudishwa kwao, tajiri wala maskini. Ndiyo maana mama aliyekuwa Cape Town au Kent hakuwahi kuliona kaburi la mwanawe, na sehemu ya chini ya baadhi ya mawe utakuta mstari mfupi uliochaguliwa na familia, mara nyingine aya ya Biblia, mara nyingine neno la mzazi. Jiwe lisilo na jina limeandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana kwamba huyu anajulikana na Mungu.

Adabu ni zilezile za makaburi yoyote ya kwetu. Usikae juu ya jiwe, usiliegemee, usile hapo, usipige muziki. Usimwage maji au kusugua jiwe kwa sabuni ili lisomeke, linaharibika. Kofia unaweza kuivua au kuivaa, hakuna atakayekuuliza. Picha zinaruhusiwa. Kama unataka kuomba, omba kwa dini yako, kwa sauti ya kawaida. Kwenye kitabu cha wageni andika kitu kinachosomeka, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha yako: kurasa nyingi zimejaa wageni waliotoka mbali, na mtu wa Mwatate au Himo ana haki ileile ya kuandika.

7. Hesabu wasiokuwepo

Hapa ndipo nakuomba utumie muda zaidi kuliko wageni wa kawaida. Umetoka vilimani unakumbuka waliopigana: Keya, Wabaluchi, askari wa Kijerumani ambao nao walikuwa Waafrika, na nyuma ya wote hao wapagazi waliobeba risasi, maji, unga na majeruhi. Pita tena safu kwa safu. Waafrika wako wapi?

Jibu linajulikana. Kanuni ya usawa wa wafu haikufuatwa Afrika Mashariki. Wazungu walipewa mawe yenye majina. Askari Waafrika na wapagazi wengi walizikwa porini au kwenye viwanja vilivyoachwa viote majani, na maofisa wa wakati ule waliandika kwamba watu hawa hawangethamini mawe ya makaburi. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na Tume ikaomba radhi. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa katika vita hii wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Wengi wao hawakufia Taveta. Walikufa baadaye, hasa mwaka 1917, walipochukuliwa kwa nguvu vijijini na kupelekwa kusini kuelekea Rufiji, wakimalizwa na kuhara damu, nimonia na njaa.

Kuna wageni ambao, wakishaambiwa hivi, hukasirika na kuona haina maana kusimama mbele ya makaburi ya wakoloni. Naelewa, ila sikubaliani. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyepigwa risasi Salaita hakuandika kanuni za Tume. Hasira iende kwa waliokaa ofisini.

Sanamu za ukumbusho wa askari na wapagazi ziko mijini: Nairobi, Mombasa, na ile ya Dar es Salaam iliyosimamishwa mwaka 1927. Ya Nairobi ina maandishi ya Kiswahili, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Hakuna jina la mtu hata moja. Ukirudi Nairobi pitia Kenyatta Avenue uisome mwenyewe. Watu hupita hapo kila siku wakiwahi matatu.

8. Ukirudi nyumbani

Kama katika ukoo wenu kuna mtu anayesemekana "alienda vita vya Wajerumani hakurudi", huu ndio wakati wa kuuliza. Wajukuu wa watu wale sasa ni wazee sana. Mkalie bibi au babu, umwambie ulikotoka, umwonyeshe picha za Salaita, halafu umwache aseme. Usianze na maswali ya tarehe. Uliza alichukuliwa kutoka wapi, chifu au jumbe alikuwa nani, alikwenda na nani wa rika lake, na nani alileta habari za kifo. Jina la chifu na la kijiji ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu wapagazi waliandikishwa kwa wilaya na kwa chifu, na majina yao yaliandikwa na makarani wageni walivyoyasikia. Njoroge anaweza kuwa ameandikwa kwa namna nne tofauti.

Rekodi kwa simu, andika kwenye daftari, weka nakala mbili. Kisha peleleza Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, ukiwa na wilaya na mwaka mkononi. Ukienda na jina peke yake karani wa zamu atakuonea huruma tu. Tume nayo hupokea taarifa za familia kuhusu watu ambao hawajakumbukwa, kupitia tovuti yake. Waandikie kwa Kiswahili ukitaka. Taja jina kamili, jina la baba, kijiji, chifu, kikosi kama kinajulikana, na namna familia ilivyopata habari za kifo. Kama kuna nishani, cheti au barua, piga picha pande zote mbili utume picha tu. Kitu chenyewe kibaki nyumbani.